Matone ya Vitamini A na Wodi ya Surua ya Mvumi

Mama wa Sofu, Kibaha, anapompeleka mtoto kliniki mwezi wa matone ya vitamini A, nesi huchukua kidonge laini, hukikata ncha kwa mkasi na kukiminyia mdomoni mwa mtoto. Kidonge cha bluu ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11. Chekundu ni cha aliyetimiza mwaka, mpaka atakapokaribia miaka mitano. Kadi inajazwa, mama anashika njia ya nyumbani. Ni wachache wanaosimuliwa kwamba sehemu ya ushahidi uliofanya matone hayo yaaminiwe ilipatikana katika nchi hii hii, huko Mvumi mkoani Dodoma, na kwamba safari ya kuutafuta ilianzia kwenye macho ya watoto.

Hospitali ya Mvumi ni ya Kanisa Anglikana. Daktari wa macho Allen Foster, Mwingereza, alifanya kazi Tanzania, ikiwemo hapo Mvumi, kuanzia 1975 hadi 1985, wakati surua ilipokuwa bado inatembea vijijini kila msimu na chanjo haijawafikia wengi. Mtoto aliweza kupona homa na vipele, kisha siku chache baadaye jicho likafunikwa na weupe usioondoka. Surua humlia mtoto akiba ya vitamini A wakati uleule anapokataa chakula. Vitamini hiyo ndiyo inayotunza utando laini wa jicho, wa njia ya hewa na wa utumbo. Ikiisha, jicho hukauka, konea, yaani kile kioo cha mbele, hupata kidonda, na katika hali mbaya huyeyuka kwa siku chache. Wazazi wengine, kwa hofu, waliwatia watoto dawa za kienyeji machoni, na kidonda kikazidi.

Mwaka 1987 Foster na Mmarekani Alfred Sommer walichapisha habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea. Asilimia 37 kati yao walikuwa wametoka kuugua surua.

Sommer naye alikuwa daktari wa macho. Huko Java, Indonesia, alikuwa ameona jambo lililomtoa kwenye macho na kumpeleka kwenye vifo: watoto waliokuwa na dalili ndogo tu za ukosefu wa vitamini A, kama kutoona vizuri giza linapoingia, walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wenzao. Alichapisha hayo mwaka 1983. Mwaka 1986 ukafuata utafiti mkubwa wa vijiji takriban 450 vya Aceh, nchini humohumo, ambako vifo vya watoto waliopewa vitamini A vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja. Madaktari wengi hawakusadiki. Kidonge cha bei ndogo kiokoe maisha kiasi hicho? Ulihitajika pia ushahidi wa mahali ambapo kila mtoto anaonekana kitandani, kila kifo kinahesabiwa na sababu yake inajulikana.

Mahali pa namna hiyo palikuwa wodi ya Mvumi. Huko daktari A. J. G. Barclay, Foster na Sommer walikuwa wamewaandikisha watoto 180 waliolazwa kwa surua, wakawagawa kwa bahati nasibu. Watoto 88 walipewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza na kiasi hichohicho kesho yake, juu ya matibabu ya kawaida. Wengine 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Damu ya watoto wote ilipopimwa, asilimia 91 walikuwa na upungufu mkubwa. Katika kundi la kwanza walifariki 6, katika la pili 12. Kwa walio chini ya miaka miwili, alifariki mmoja dhidi ya saba.

Kitakwimu, tofauti ya 6 na 12 peke yake haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati, na waandishi walilisema hilo wazi katika makala yao ya 1987. Naliheshimu sana jambo hilo. Ile ya watoto wadogo ndiyo iliyokuwa na uzito. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kuwapa vitamini A wagonjwa wa surua katika nchi zenye upungufu, na mwaka 1990 utafiti wa Cape Town ukafunga mjadala: kati ya watoto 189, walikufa 12, na 10 kati yao walikuwa upande usiopewa dawa.

Linaloniuma ni kwamba jibu hili lilikwishaonekana. Mwaka 1932, jijini London, daktari J. B. Ellison aliwagawa watoto 600 wenye surua katika makundi mawili ya 300. Waliopewa vitamini A walikufa 11, wasiopewa 26. Makala ilichapishwa katika jarida kubwa la Uingereza, kisha ikalala miaka 55. Watoto wangapi walizikwa, na wangapi walibaki vipofu, katika usingizi huo?

Ndiyo maana siwezi kuwataja wale 92 wa Mvumi harakaharaka. Walipewa tiba iliyokuwa ya kawaida wakati ule, lakini afya ya watoto wetu ilisimama juu ya miili yao pia. Azimio la Helsinki la 1964 liliweka misingi ya utafiti kwa binadamu, na marekebisho ya 1975 yakataka kamati huru ipitie kila mpango. Kwetu, Sheria namba 23 ya 1979 iliunda NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sheria ya 1986 ikaunda COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Leo anayetaka kutafiti afya za watu hapa nchini hupeleka andiko lake likaguliwe kimaadili, na mgeni huhitaji pia kibali cha COSTECH. Mzazi husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, huuliza, hukataa akitaka, na asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi.

Kwa misingi hiyohiyo, jaribio la Mvumi haliwezi kurudiwa kama lilivyofanywa. Tiba ikishathibitishwa, mtafiti haruhusiwi kumnyima mgonjwa ili alinganishe. Mtoto wa Sofu akilazwa leo kwa surua katika Hospitali ya Tumbi, hapo Kibaha, anastahili dozi zake mbili, leo na kesho.