Mikataba ya Ajira yenye Ruzuku (Ufaransa)
Mikataba ya ajira yenye ruzuku nchini Ufaransa ni mikataba ambayo serikali humlipia mwajiri sehemu ya mshahara ili amwajiri mtu aliyekosa kazi kwa muda mrefu, hasa anayeishi kwa posho ya jamii. Posho hiyo, RMI, ilianzishwa mwaka 1988. Mwaka 2009 nafasi yake ikachukuliwa na RSA. Mwaka 2010 mikataba ya aina mbalimbali iliunganishwa kuwa mmoja, CUI, wenye matawi mawili: CAE kwa halmashauri, shule na vyama visivyotafuta faida, na CIE kwa kampuni binafsi. Ruzuku ilikokotolewa kwa kufuata kima cha chini cha mshahara: hadi asilimia 95 katika CAE, lakini 47 tu katika CIE, maana kampuni huvuna faida kutokana na kazi hiyo, na shule haivuni. Mwajiri alitakiwa pia kutoa msimamizi na mafunzo. Sharti hili ndilo lililolegalega, hasa katika CAE, na wengi walimaliza mkataba wakarudi kutafuta kazi. Tangu 2018 CAE hutolewa kwa jina la Parcours emploi compétences, mafunzo yakiwa ni lazima.