Kutoka Machimbo ya Matumbawe hadi Mahali pa Mapumziko: Historia ya Kisiwa cha Changuu, Unguja

Wageni wanaoshuka pwani ya Forodhani asubuhi na kupanda mashua kuelekea Changuu huambiwa kwamba wanakwenda kuona Kisiwa cha Jela. Safari ni ya takribani kilomita 5 au 6, na ikiwa bahari imetulia haizidi nusu saa. Watakapofika wataona jengo lenye ua, nyumba ya zamani iliyogeuzwa mkahawa, kobe wakubwa wanaolishwa mchicha, na upande wa pili wa kisiwa, mashimo yaliyochongwa mwambani ambayo bahari huingia maji yanapojaa. Insha hii inajikita katika mashimo hayo. Hoja yake ni kwamba jina la jela, ambalo ndilo linalouza safari, limeficha kazi mbili zilizokijenga kisiwa hicho kihistoria: uchimbaji wa mawe na uzuizi wa wagonjwa. Hoja ya pili ni kwamba matumizi ya Changuu kama mahali pa kupumzikia hayakuletwa na utalii wa leo, bali yalizaliwa ndani ya kazi hiyo ya pili.

Jina la Changuu lenyewe ni la wavuvi, nalo linahusishwa na samaki aitwaye changu, anayepatikana kwa wingi katika maji hayo. Kisiwa ni kidogo: urefu wake ni kama mita 800, na upana wake katika sehemu iliyo pana zaidi hauzidi sana mita 200. Kama ilivyo katika visiwa jirani vya Chapwani na Bawe, ardhi yake ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari. Udongo ni haba, na hakuna kilimo cha maana. Kwa hiyo yeyote aliyekitaka kisiwa hiki hakukitaka kwa ajili ya mikarafuu wala minazi. Alitaka jiwe, au alitaka umbali.

Jiwe lilihitajika mno. Katika karne ya 19, hasa tangu Seyyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja, mji ulioanza kwa vibanda vya makuti kwenye rasi ya Shangani uligeuka kuwa mji wa nyumba za ghorofa. Sultani Barghash (1870–1888) aliongeza majumba makubwa zaidi, likiwemo Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883. Ujenzi wa aina hii ulitegemea vitu vitatu: jiwe la matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti nyingi zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Ndiyo sababu vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 3. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale juu ya lundo la magogo, kisha kuyaacha yanyeshewe na mvua hadi yakamomonyoka. Kuta zenyewe zilikuwa nene, nusu mita au zaidi, zikijazwa mawe yasiyochongwa na kushikanishwa kwa udongo na chokaa. Kwa maneno mengine, jiwe lilikuwa ukuta, lilikuwa saruji, na lilikuwa pia rangi nyeupe iliyopakwa juu ya ukuta huo.

Si kweli, kama wasemavyo baadhi ya waongozaji wageni, kwamba Mji Mkongwe wote ulitoka Changuu. Unguja yenyewe ina mawe tele, hasa upande wa mashariki katika ardhi ya mawe iitwayo uwanda, na machimbo yalikuwapo mahali pengi. Hata hivyo Changuu kilikuwa na faida moja ambayo machimbo ya bara ya kisiwa hayakuwa nayo. Jiwe ni mzigo mzito, na Unguja ya wakati huo haikuwa na barabara za kulibeba. Jiwe lililochimbwa kando ya maji liliweza kupakiwa mashuani na kushushwa karibu kabisa na mahali pa ujenzi. Mashimo yaliyobaki yanaonyesha hivyo: yapo ufukweni, pale ambapo chombo kingeweza kusogea maji yanapojaa na kuondoka na mzigo kabla hayajapwa. Katika pwani ambayo tofauti ya maji ya bamvua hukaribia mita 4, ratiba ya mchimbaji ilikuwa ni ratiba ya mwezi.

Nani alichimba? Hapa ndipo jina la jela linapopata maana ambayo halikupewa. Katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili ambao walikitumia kuwafungia watumwa waliokaidi, kabla ya kuuzwa sokoni au kusafirishwa ng'ambo. Ni wakati huohuo ambapo kisiwa kilitumika pia kwa uchimbaji wa matumbawe. Katika Unguja ya kabla ya 1897, mwaka hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria, kazi ngumu ya mikono kama kubeba mizigo, kupalilia mashamba ya mikarafuu na kuvunja mawe ilikuwa kwa sehemu kubwa ni kazi ya watumwa na ya vibarua waliokodishwa na mabwana zao. Historia ya mapambo ya milango ya Mji Mkongwe imeandikwa mara nyingi. Historia ya waliovunja jiwe lililoishika milango hiyo ni fupi mno.

Jela iliyojengwa kwa jina hilo ilikuja baadaye. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Sultani chini ya himaya ya Uingereza, alikinunua kisiwa kwa niaba ya serikali na kujenga jengo la wafungwa. Mji ulikuwa tayari na gereza lake katika Ngome Kongwe, na hata neno gereza lina asili ya neno la Kireno lenye maana ya kanisa, jambo linalokumbusha kwamba majengo ya pwani hii hubadilishwa kazi mara nyingi kuliko yanavyobomolewa. Jengo la Changuu nalo lilibadilishwa kabla hata halijaanza kazi: hakuna mfungwa aliyewahi kuwekwa humo. Badala yake likawa sehemu ya karantini.

Uamuzi huo unaeleweka ukitazamwa pamoja na hali ya bandari. Unguja ilikuwa imeshaonja kipindupindu kikali mwaka 1869 na 1870. Mwaka 1896 tauni ililipuka Bombay, na Bombay na Unguja ziliunganishwa na biashara ya kila msimu. Abiria na mabaharia walioshukiwa walishushwa Changuu na kukaa huko hadi walipothibitishwa kuwa wazima. Umbali uliokuwa umewafaa wenye watumwa sasa uliwafaa madaktari.

Lakini vyombo havikuja mwaka mzima kwa wingi uleule, kwa kuwa safari zilifuata pepo za kaskazi na kusi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka majengo yalikuwa matupu. Katika miezi hiyo Wazungu wa mjini walikwenda Changuu kupunga upepo na kuogelea. Huu ndio mwanzo wa mapumziko ya kisiwa: nafasi iliyoachwa na wagonjwa. Mwaka 1919 waliongezwa kobe 4 wa jamii ya Aldabra, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Waliongezeka hadi wakakaribia 200 katikati ya miaka ya 1950, kisha wakaibwa kwa ajili ya biashara ya wanyama hadi mwaka 1996 wakabaki 7 tu. Idadi ya sasa ni matokeo ya kuletwa kwa vifaranga wapya na kuwekwa kwa uzio na walinzi. Ni ajabu kidogo kwamba kisiwa kilichonunuliwa ili kuwafungia wahalifu kilishindwa kuwafunga kobe.

Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mjadala wa hifadhi umehusu zaidi kuta zenyewe. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, imesisitiza matumizi ya chokaa badala ya saruji, kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka na jiwe la matumbawe huoza kwa ndani. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 kuliufanya mjadala huo kuwa wa dharura. Jiwe la Unguja linazungumzwa sasa na wahandisi na wasanifu majengo, na machimbo yake yanazungumzwa na waendesha mashua, kila upande kwa lugha yake. Changuu, mgeni hupiga mbizi kwa miwani na mrija juu ya matumbawe hai, hula chakula katika nyumba yenye jina la Mathews, hupigwa picha na kobe, na maji yakijaa huogelea katika shimo ambalo ukuta wake mmoja bado una alama za mtaimbo.