Si Imeandikwa Pale Ubaoni?

Hakuna sentensi inayosemwa kambini kama hii: "Si imeandikwa pale ubaoni?" Wanaisema walinzi wa getini, wanaisema wahudumu wa zahanati, wanaisema maafisa wa mashirika, na sisi tunaofanya kazi na vijana tunaisema kila siku. Mtu anasimama mbele ya tangazo, analitazama vizuri tu, halafu anageuka na kumuuliza wa kwanza anayemwona: chakula kinagawiwa lini? Niende na karatasi gani? Watoto wa miaka mingapi? Yote yameandikwa. Basi anayeulizwa anakasirika, na aliyeuliza anaondoka akinung'unika.

Tunajieleza kwa sababu mbili: ati hawajui kusoma, ama ni wavivu. Ya kwanza ni kweli kwa baadhi ya watu. Ya pili siikubali haraka, maana hata walimu wetu wa sekondari wanauliza vilevile, na hao ndio waliotufundisha kusoma. Nadhani tabia hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita huku huku kwetu, kati ya Ziwa Tanganyika na daraja la Rusumo.

Zamani tangazo lilikuwa na mdomo. Pwani walipiga mbiu, ile pembe ya nyati, na watu wakajua kuna jambo. Mpaka leo methali ya mbiu ya mgambo tunaisema hata sisi ambao hiyo pembe hatujawahi kuiona. Huku bara alikuja mjumbe wa chifu, au ngoma ililia kwanza halafu mtu akasema. Muhimu ni kwamba aliyetangaza alikuwa mtu, amesimama mbele yako. Ukimwambia, "Na sisi wa ng'ambo ya mto je?" inabidi ajibu, na kama hajui arudi kwa aliyemtuma. Kuuliza ilikuwa sehemu ya kutangaziwa. Aliyekaa kimya ndiye aliyeonekana hajasikia.

Karatasi ya ofisi ilikuja na tabia nyingine. Mfano unaojulikana sana ni kipande cha Kenya. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutumika kweli baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Mzungu aliyemwajiri aliandika humo mshahara wake na siku ya kuacha kazi. Mwenye kipande mara nyingi hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu yake mwenyewe. Karatasi ya namna hiyo inasema juu yako, haisemi nawe. Na ukitaka kujua inasemaje, unafanya nini? Unamuuliza mtu.

Tuje sasa karibu zaidi, Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Tanzania. Kambi ya Benaco ikazaliwa hivyo, mji mzima kwa siku moja. Ubao gani wa matangazo ungetosha? Tena ukumbuke walikotoka. Huko kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kurusha matangazo Julai 1993, kilitumika kuchochea watu wawaue jirani zao. Mtu aliyetoka mahali kama hapo, awe aliyekimbia ile sauti ama aliyeitii, ukimwambia "sikiliza tangazo" anasikiliza kwa sikio lingine kabisa.

Waliokuja kusaidia waliliona hilo. Bukavu, upande wa Kongo (enzi hizo Zaire), Radio Agatashya ilianza Agosti 1994. Ngara, mwaka 1995, Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, na jina hilo lina maana ya kutumaini. Kazi yake mwanzoni ilikuwa kuwapa habari za kweli watu ambao redio ilikuwa imewapotosha. Tazama walivyofikiri: badala ya kuongeza karatasi, walirudisha sauti.

Lakini karatasi iliyoacha alama kubwa kuliko zote ilikuja Desemba 1996. Mwanzoni mwa mwezi huo serikali ya Tanzania na UNHCR walitoa tamko la pamoja kwa wakimbizi wote Wanyarwanda walioko nchini: warudi kwao kabla ya tarehe 31 Desemba 1996. Ukiipima kwa kipimo chetu cha "si imeandikwa," ilikuwa karatasi nzuri. Ina tarehe, ina jina la aliyeitoa, na haikuwa siri. Watu waliisoma, na waliielewa. Kilichofuata ni kwamba kama wiki moja baadaye maelfu kwa maelfu walifunga mizigo wakaanza kutembea, lakini kuelekea ndani ya Tanzania, mbali na mpaka. Wanajeshi wakawazuia na kuwageuza. Mwezi ulipokwisha karibu wote, watu wanaokaribia laki tano, walikuwa wamepita tena Rusumo, safari hii wakirudi.

Sitaki kulirahisisha jambo hili. Kati yao walikuwamo waliofanya mauaji, na viongozi wao walikuwa na sababu zao za kuwasukuma watu wasirudi. Na Tanzania ilikuwa imebeba mzigo ambao nchi nyingi tajiri hazijawahi kuubeba. Hata hivyo, lile swali la mtu wa kawaida, mama mwenye watoto wake, lilikuwa: "Na mimi ninayeogopa, kesi yangu anasikiliza nani?" Muda wa kusikiliza mtu mmoja mmoja haukuwepo. Amnesty International na watetezi wengine wa haki za binadamu walilalamika, na UNHCR yenyewe ililaumiwa kwa miaka mingi kwa kuweka jina lake pale.

Sasa angalia kalenda. Ni katika majuma hayohayo ya mwisho wa 1996 ambapo kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kutoka Fizi na Uvira wakikimbia vita. Wazazi wetu wengi waliingia Tanzania wakati ambao jirani zao wa mkoa wa pili wanatolewa. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha kwamba karatasi ya ofisi inaweza kubadilisha maisha yako kabla ya Noeli. Mzee wa namna hiyo akisoma tangazo halafu akamfuata kijana wa ofisi kumuuliza, "Mwanangu, hii inamaanisha nini kwetu?" maneno ameshayasoma vizuri. Anachotafuta ni yale ambayo hayakuandikwa.

Baada ya Rwanda mashirika yalijichunguza sana. Mradi wa Sphere ulianza 1997 ili kuweka viwango vya msaada: maji kiasi gani, choo kimoja kwa watu wangapi. Ripoti ya Maafa Duniani ya mwaka 2005, inayotolewa na Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, ilichukua habari kama mada yake kuu na kusema kwamba habari nazo ni msaada, kama maji na dawa. Mwaka 2014 vikaja viwango vingine vyenye ahadi tisa, na ahadi ya nne wakati huo ilikuwa kwamba watu waliokumbwa na maafa wajue haki zao, wapate habari na washiriki katika maamuzi. Ni maneno mazuri. Kambini yalikuja kwa sura ya ubao, sanduku la maoni, na karatasi nyingi zilizopakwa plastiki ili mvua isiziharibu.

Na hapa nasema kama mtu anayezibandika hizo karatasi: nyingi zimeandikwa kwa ajili ya aliyeziandika. Chukua maneno kama "wahusika wawasilishe vielelezo halisi kwa ajili ya uhakiki." Hicho ni Kiswahili sanifu, sina ugomvi nacho. Lakini Kiswahili cha Fizi hakina "vielelezo," kina "makaratasi." Mwaka 2015 Warundi walipoingia Nyarugusu na kambi ikapita watu 150,000, wengi wao walikuwa na Kirundi tu, na Kiswahili cha sokoni wakakijifunza humu humu. Kwao ubao ule ulikuwa mapambo.

Halafu kuna saa. Tangazo linasema "saa 8:00." Aliyeliandika kwenye kompyuta alimaanisha saa mbili asubuhi, kwa sababu kompyuta yake inahesabu hivyo. Msomaji wa Kiswahili anasoma saa nane, yaani mchana, jua kali. Mtu mwenye akili timamu hapo atafanya nini zaidi ya kuuliza? Asiyeuliza ndiye anayefika mchana na kukuta foleni imekwisha. Hili moja tu, kama ofisi zote zingeandika "saa 2 asubuhi," lingepunguza maswali mengi kuliko semina yoyote.

Sababu nyingine ni kwamba karatasi inazeeka lakini haiondolewi. Mwisho wa 2016 Nyarugusu ulianza mradi wa kuwapa baadhi ya familia pesa taslimu badala ya chakula. Mwaka 2017, kabla haujafikisha hata mwaka mmoja, ukasimamishwa. Agosti 2017 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi Tanzania mpaka asilimia 62 ya kiwango kamili. Tarehe 27 Januari mwaka huohuo rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mapokezi ya wakimbizi kwa siku 120, na watu waliokuwa wameuza masufuria yao wakisubiri ndege wakabaki. Januari 2025 yakaja yaleyale, amri nyingine, na safari zikakatwa. Katika hali hii, anayesoma ubaoni na kuamini bila kuuliza ndiye wa kumhurumia. Swali la "chakula ni lini?" mara nyingi ndani yake lina swali jingine: bado ni hivyo?

Lakini kuuliza nako kuna hatari yake, na hapa wenzangu wakimbizi msinikasirikie. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kwamba kulikuwa na mtandao kwenye ofisi ya UNHCR ya Nairobi uliowatoza wakimbizi pesa ili wapate nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu. Watu walikamatwa. Leo karibu kila kambi ina bango kubwa la kusema huduma zote ni bure, na msitoe pesa kwa mtu yeyote. Ni tangazo fupi, linasomeka hata na mtoto wa darasa la tatu. Bado kuna watu wanalipita, wanakwenda kumuuliza kaka mmoja mwenye simu nzuri na maneno matamu, na kaka huyo anajibu kwamba lile bango ni la kuonyesha wageni tu. Wanalipa. Mdomo umeshinda karatasi, na safari hii karatasi ndiyo iliyokuwa inasema kweli. Ndiyo maana siwezi kuwaambia vijana "ulizeni tu." Nawaambia wasome kwanza, halafu wamuulize mtu ambaye kesho watamkuta mahali palepale.

Na ninyi maafisa mnaosoma jarida hili, tusemezane kidogo. Kila afisa mpya akifika anauliza: jina lako? Mlitoka kijiji gani? Mlivuka lini? Nani alibaki? Yote hayo yameandikwa kwenye faili. Yaliandikwa siku ya kuandikishwa, yakaandikwa tena kwenye uhakiki, na tena kwenye usaili, mbele ya mkalimani tofauti kila mara. Najua kuna sababu: mnataka kulinganisha maneno, mnataka kuhakikisha. Kumbe nanyi hamuiamini karatasi mpaka mumsikie mtu. Tofauti ni kwamba mama akirudia swali la mgao anaitwa msumbufu, na akikosea tarehe moja kwenye usaili wa nne, kosa hilo linaingia kwenye faili lake na linaweza kumkalisha hapa miaka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia afisa, "Si imeandikwa pale?"

Kwenye kituo chetu cha vijana tumebadilisha mambo machache. Kila tangazo lina tarehe ya kubandikwa na tarehe ya kutolewa. Lina Kirundi chini yake. Saa inaandikwa kwa maneno. Mwisho kabisa kuna jina la mtu wa kuulizwa na siku anazokaa mezani, na akiwa hayupo daftari linabaki pale na peni yake imefungwa kwa uzi, maana peni hapa zinatembea. Maswali hayajaisha. Ila yamebadilika. Wachache sasa wanauliza kozi ya ushonaji inaanza lini. Wanauliza kama mwenye mtoto mchanga anaweza kuja naye, kama aliyekatwa jina kwenye uhakiki bado anaruhusiwa, kama cheti kitatambuliwa wakirudi Kongo. Hilo la cheti tumelipeleka ofisini kwa maandishi, na jibu bado tunalisubiri.