Nani Ajue Kwanza? Historia Fupi ya Kipimo cha Mimba

Msichana wa kidato cha tatu anahesabu siku na kugundua kwamba hedhi yake imechelewa kwa wiki nzima. Maswali mawili yanamjia. La kwanza ni la mwili: je, nina mimba? La pili ni la siasa, hata kama yeye haliiti hivyo: nani atajua kabla yangu? Makala haya yanalifuata swali la pili, kwa sababu historia ya kipimo cha mimba ni historia ya mvutano juu ya mwenye haki ya kujua kwanza.

Kabla ya maabara, jamii za mwambao wetu zilikuwa na utaratibu wao. Kungwi au somo ndiye aliyemfundisha mwari aliyevunja ungo namna ya kuzitunza siku zake. Sheria ya Kiislamu nayo iliweka eda. Mwanamke aliyeachwa, ikiwa bado anapata hedhi, husubiri vipindi vitatu kabla ya kuolewa tena, na miongoni mwa hekima za kusubiri huko ni kujulikana kama ana mimba; mwenye mimba, eda yake huisha anapojifungua. La kuzingatia ni kwamba shahidi mkuu katika hesabu hiyo ni mwanamke mwenyewe. Kurani inamwonya asifiche kilichomo tumboni mwake, na wanazuoni wa fikihi wakalikubali neno lake, mradi muda anaoutaja uwezekane.

Karne ya 20 iliuhamisha ushahidi huo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, madaktari wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba una homoni inayobadilisha ovari za panya wachanga waliodungwa mkojo huo. Ili kupata jibu, ilibidi panya wauawe na kupasuliwa. Wakati huohuo Lancelot Hogben, mwanabiolojia Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alimchunguza chura wa Afrika Kusini aitwaye kitaalamu Xenopus laevis. Kutokana na kazi yake na ya wenzake, ilijulikana katika miaka ya 1930 kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mwenye mimba hutaga mayai katika muda wa saa chache, tena bila kuuawa. Vyura hao wakasafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, wakatumika hadi miaka ya 1960. Historia ya sayansi haiwataji mara nyingi, lakini majibu mengi ya tiba ya kisasa yalitegemea kiumbe kilichotolewa katika madimbwi ya bara hili.

Hata hivyo, mwanamke alikuwa amesogezwa pembeni. Mkojo ulipitia kwa daktari, ukaenda maabara, na jibu likarudi kwa daktari. Mwenye tumbo alijua mwisho.

Mwaka 1967 Margaret Crane, msanifu wa michoro katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, aliona mirija ya vipimo ikiwa imepangwa maabara. Akajiuliza kwa nini jambo jepesi kiasi hicho lisifanywe na mwanamke nyumbani kwake. Wakubwa wake walisita, wakihofia kuwaudhi madaktari waliokuwa wateja wao. Kipimo chake kiliuzwa Kanada kuanzia 1971, na Marekani baadaye katika muongo huohuo. Haki za uvumbuzi aliziachia kampuni kwa dola 1.

Leo mrithi wa kipimo hicho anapatikana katika maduka ya dawa ya miji yetu. Lakini kwetu kifaa kilichobuniwa ili mwanamke ajue kwanza kiligeuzwa kuwa kifaa cha ukaguzi. Katika baadhi ya shule za Tanzania wasichana walipangwa foleni na kupimwa kwa lazima, wengine kwa kubonyezwa matumbo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa. Mimba haikutajwa kwa jina, ila watendaji waliisoma humo. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba waliopata watoto hawatarudi shuleni. Novemba 2021 Serikali ilibadili msimamo na kuwaruhusu kurejea. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliona kwamba haki za wasichana hao zilikiukwa, ikaitaka Tanzania ipige marufuku vipimo vya lazima.

Ukaguzi huo hauna hata msingi mzuri wa kitaalamu. Hedhi iliyochelewa ni dalili tu, wala si ushahidi. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mzunguko huwa haujatulia. Msongo mkubwa wa mawazo, kupungua uzito, maradhi, matatizo ya tezi na sindano za uzazi wa mpango vyote vinaweza kuichelewesha. Kipimo cha mkojo nacho kikifanywa mapema mno kinaweza kukosa mimba iliyopo, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki moja ikiwa hedhi bado haijaja. Na yeyote ambaye hedhi imechelewa, kisha akapata maumivu makali ya tumbo au kuzirai, aende hospitali mara moja, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi huua.

Hapo ndipo hasara ya hofu inapoonekana. Msichana anayejua kwamba jibu lake litakuwa hati ya kumfukuza hatapima, hatasema, wala hatakwenda kliniki mapema. Ruhusa ya kurudi darasani ni hatua kubwa, lakini inamhusu aliyekwisha kujifungua. Walimu wakuu na maofisa elimu wanaosoma hapa wana jambo moja wanaloweza kulifanya bila kusubiri waraka mwingine: wasimpange foleni mtoto yeyote ili apimwe, na yule anayetaka kupima wamwelekeze kwa muuguzi, apewe jibu lake mkononi mwake.