Peni, Hela na Pesa: Habari za Sarafu Kuukuu katika Soko la Kariakoo

Mnunuzi wa Kariakoo asemapo kwamba hana hela, au kwamba pesa zimemwishia, hawazi kwamba ametaja majina ya vipande viwili vya shaba. Pesa ndiyo kubwa kwa umri. Jina lake latoka Bara Hindi, ambako pesa 64 zilifanya rupia moja, na hesabu hiyo ilifuatwa pwani yote. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake zenye picha ya mizani mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Kampuni ya Wajerumani ikafuata mwaka 1890, nayo ikachapa maneno ya Kiarabu juu ya shaba yake, maana ilitaka kukubaliwa na watu waliozoea hati hiyo.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliiacha hesabu ya 64, ikaigawa rupia katika heller 100. Midomo ya Waswahili ikalainisha neno hilo, likawa hela. Heller moja ilikuwa ya shaba iliyotiwa bati. Ile ya 10, iliyoanza mwaka 1908, ilikuwa ya shaba na nikeli, yenye tundu katikati. Vita vilipokata njia ya bahari, sarafu zilipigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli: heller 5 na 20 za shaba au za shaba na zinki, madini yaliyopatikana katika maganda ya mizinga na takataka za vyuma, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye sura ya ndovu. Hizi zina herufi T. Yule ndovu ndiye atafutwaye mno na wakusanyaji wa dunia nzima, ingawa robo tatu tu ya uzito wake ni dhahabu.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na kambi ya wapagazi wao wa Carrier Corps ikaupa mtaa jina la Kariakoo. Shilingi ilikuja mwaka 1921. Ilikuwa na robo moja tu ya fedha, na baada ya Vita vya Pili hata robo hiyo ikaondolewa. Basi neno fedha likabaki kuitwa juu ya kitu kisicho na fedha ndani yake. Thumni, sehemu ya nane ya riale, iliendelea kuishi katika senti 50: riale ilihesabiwa kama rupia 2, na rupia kama shilingi 2. Senti 5 ziliitwa ndururu, na senti 10 ziliitwa peni.

Jina hili la mwisho si sahihi kwa hesabu. Shilingi ya Kiingereza ilikuwa na peni 12, hivyo senti 10 zilizidi peni moja kidogo. Yaelekea jicho ndilo lililoamua: sarafu zote mbili zilikuwa za shaba yenye bati, na upana wao ulikuwa karibu sawa, ila ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na tundu lililozungukwa na meno ya ndovu, na iliweza kutungwa uzi.

Kwa sababu ya tundu, sura ya mfalme haikuwa na mahali. Kwa hiyo peni ya mwaka 1936 iliweza kutoka na jina la Edward wa Nane, aliyejiuzulu kabla mwaka haujaisha. Wenye kuipata hudhani wameokota mali. Sivyo, zilipigwa kwa mamilioni, na bei yake ni ndogo. Hasara kubwa hufanywa na yule aisuguaye kwa limau na majivu ili ing'ae: mkusanyaji huikataa, na mtafiti hupoteza herufi ndogo zinazotaja karakana, kama H na KN za Birmingham.

Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, zilikuwa za senti 5, 20 na 50, na shilingi. Senti 10 haikuwamo mpaka mwaka 1977, na ilipokuja ilikuwa ya shaba na zinki, haina tundu. Hela ilikuja kuwa jina la mali yote. Peni haikuwahi kuvuka mpaka wa kipande chake.