Maandishi Yaliyojivika Sauti

Mwaka 1964 huko California, mwanafizikia Robert Weitbrecht alimpigia simu daktari wa meno James Marsters. Wote wawili walikuwa viziwi. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa mbele ya mashine kuukuu ya kuchapa maandishi, na mkono wa simu umelazwa juu ya kifaa alichobuni Weitbrecht. Kifaa kiligeuza herufi kuwa milio. Upande wa pili milio ikarudi kuwa herufi karatasini. Ndivyo viziwi wa Marekani walivyoipata simu.

Miaka thelathini baadaye simu za mkononi za dijitali nusura ziwanyang'anye. Mtandao wa GSM, uliofunguliwa kwa wateja Finland mwaka 1991, haubebi sauti ilivyo. Huikata vipande vya milisekunde 20, hukisia jinsi koo na mdomo vilivyoitoa, kisha hutuma makisio hayo tu: biti 13,000 kwa sekunde, wakati simu ya mezani ya dijitali hutumia 64,000. Sisi tunaozungumza hatuoni upungufu. Mlio wa mashine, kwa kuwa hautoki kooni, ulifika umevurugika na herufi hazikusomeka. Kiziwi aliyeungua au kuvamiwa hakuweza kuitegemea simu yake ya mkononi kuita 911, namba ya dharura ya Marekani. Naliita kosa zito: waliojenga njia ya sauti walimsahau asiyesikia. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilizipa kampuni hadi 30 Juni 2002 kulirekebisha, na wahandisi wakabuni milio inayostahimili mchujo huo wa sauti.

Wazo hilohilo sasa limo garini. Tangu 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa Umoja wa Ulaya lazima iwe na eCall. Mifuko ya hewa ikifumuka, gari lenyewe hupiga 112, namba ya dharura ya Ulaya, na kutoa mlio wa sekunde chache wenye baiti 140: mahali lilipo, saa, uelekeo, namba ya utambulisho. Kisha mpokeaji huongea na majeruhi kwenye simu ileile. Sauti ilichaguliwa badala ya intaneti kwa sababu simu ya dharura hupewa nafasi ya kwanza kwenye mtandao wa simu.

Lakini eCall hizo za awali, zinazotumia mlio, zinategemea mitandao ya kizazi cha pili na cha tatu, nayo inazimwa nchi baada ya nchi. Wanaoizima wahakikishe kwanza kwamba magari hayo yana njia nyingine ya kuita 112.