Ngome Kongwe: gereza la Unguja lililogeuka jukwaa la sanaa

Mabaraza ya miji nchini Kenya, yakiwemo ya Busia na Malaba, yalipovunjwa mwaka 2013, mali na majengo yake yalirithiwa na serikali za kaunti. Anayejiuliza jengo kuukuu la umma litumiweje kazi yake ya awali inapokwisha, angefaa kuitazama Ngome Kongwe ya Unguja.

Ngome hiyo, inayoelekea bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe, ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hapo palikuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kuta zake yangalimo ndani. Katika karne ya 19 ilikuwa gereza. Baadaye ikatumiwa na reli ndogo iliyokwenda Bububu, kisha, ajabu ya mambo, ua wake ukafanywa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikaa bila shughuli ya maana.

Uhai uliirudia katika miaka ya 1990, ulipojengwa ndani yake ukumbi wa wazi wenye safu za kukalia zilizopangwa nusu duara. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF) lilianza mwaka 1998, na ngome ikawa makao yake. Mwaka 2004 likafuata tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo hufanyika kila Februari na huwataka wasanii wapige ala zao papo hapo jukwaani. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba humo, na vikundi vya taarabu kama Culture Musical Club vimepata hadhira ya mataifa mengi bila kuvuka bahari. Wenyeji hutozwa kiingilio nafuu kuliko wageni; bila hivyo, ngome ingekuwa ya watalii peke yao.

Hata hivyo, kuta nene hazilipi gharama za jukwaa. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa sababu ya uhaba wa fedha, ikarejea mwaka uliofuata. Tamasha linalotegemea wafadhili huweza kukatika ghafla, na likikatika, huumia pia wauza vyakula, madereva wa teksi na wenye nyumba za wageni.

Jirani wa ngome hiyo ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likawa ofisi za serikali wakati wa Waingereza na hatimaye makumbusho. Lilifungwa baada ya sehemu yake kuporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafariki dunia. Hatua chache kutoka hapo, Februari 2021, wanamuziki walipanda tena jukwaa la Ngome Kongwe.